Timor-Leste, nchi ya watu milioni 1.3: ni kitu gani kiliwafanya wajione taifa moja?

1. Mwalimu wa Katuba

Salamu wanajukwaa wa Lubumbashi na wa kwingineko.

Wiki iliyopita padri mmoja mgeni alipita parokiani kwetu, akaniachia sarafu ya senti hamsini kutoka Timor-Leste, ambako aliwahi kutumikia. Upande mmoja una tawi la kahawa lenye matunda yake. Nikaipeleka darasani, maana nafundisha jiografia, nikaipitisha mkononi mwa kila mwanafunzi. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akaishika kwa muda mrefu kuliko wenzake, kisha akauliza: «Mwalimu, watu wa huko walijuaje kwamba wao ni nchi?»

Sikuwa na jibu lililonitosheleza. Nilieleza ninayoyajua: kwamba ni nusu ya mashariki ya kisiwa cha Timor, kati ya Indonesia na Australia, kwamba ina takriban kilomita za mraba 15,000, yaani ingeingia ndani ya jimbo letu la Haut-Katanga mara nane na nafasi ikabaki, kwamba sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 1.3 na ushee. Kwamba wanazungumza lugha zaidi ya 15, nyingine zikiwa hazina undugu wowote kati yake. Na kwamba ilizaliwa tarehe 20 Mei 2002. Jina lake kamili ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Timor-Leste, kama letu la Kongo. Hayo yote hayajibu swali la mtoto. Ninyi mnasemaje?

2. Binti Kamalondo

Aksanti Mwalimu kwa mada. Mimi nasema ni kanisa.

Papa Francis alipofika Dili, mji mkuu wao, Septemba 2024, misa ya uwanja wa Tasitolu ilihudhuriwa na watu wapatao laki sita. Piga hesabu: ni karibu nusu ya nchi nzima imesimama juani mahali pamoja. Sisi tulipompokea Kinshasa Februari 2023, watu zaidi ya milioni moja walijaa uwanja wa ndege wa Ndolo na tukajisifu sana, lakini kwa ukubwa wa nchi yetu lile lilikuwa tone tu. Wao zaidi ya asilimia 95 ni Wakatoliki. Wakati wa utawala wa Indonesia, Kireno kilipopigwa marufuku, kanisa lilikataa kusali kwa Kiindonesia na badala yake likachukua Kitetum, lugha ya wenyeji. Mtu aliyekuwa akizungumza Kimambae nyumbani na mwingine wa Kifataluku walikutana ndani ya kanisa moja na kusali Baba Yetu kwa lugha moja. Taifa lilianzia pale.

3. Mstaafu wa Likasi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini 2002 si mwaka wa kuzaliwa. Wenyewe huiita siku ile siku ya kurejeshwa kwa uhuru, si siku ya uhuru. Uhuru ulitangazwa na chama cha Fretilin tarehe 28 Novemba 1975, Wareno walipokuwa wameanza kuondoka. Siku tisa baadaye, tarehe 7 Desemba, majeshi ya Indonesia yakaingia Dili kwa bahari na kwa anga. Nchi iliishi siku tisa, kisha ikasubiri miaka 24 mpaka kura ya maoni ya tarehe 30 Agosti 1999, ambapo asilimia 78.5 walichagua kujitenga na Indonesia.

Kwa hiyo Binti wa Kamalondo anisamehe. Kilichowaunganisha ni vita. Tume yao ya ukweli ilikadiria kwamba watu wasiopungua 102,800 walikufa kwa sababu ya mgogoro kati ya 1974 na 1999, wengi wao kwa njaa na magonjwa, si kwa risasi. Mwaka 1975 watu hawakuwa wametimia hata laki saba. Hakuna familia isiyo na kaburi. Mkiomboleza pamoja miaka 24, mtajuana tu.

4. Kijana wa Ruashi

Mzee wa Likasi kazungumza vizuri, na Binti Kamalondo kahubiri vizuri, ila namwomba ajibu neno moja. Waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo ya Wakatoliki tangu 2002, Mari Alkatiri, ni Mwislamu, mtoto wa ukoo uliotoka Yemeni. Mwaka 2005 serikali yake ilipotaka somo la dini liwe la hiari shuleni, kanisa likawaita waumini barabarani Dili, na maandamano yakaendelea kwa wiki kadhaa. Kama kanisa ndilo taifa, yule aliliongozaje taifa? Tena kabla ya 1975 Wakatoliki walikuwa wachache kule. Wengi waliishi na dini ya mababu na nyumba zao takatifu, zile wanazoziita uma lulik. Watu walijaa kanisani baada ya uvamizi, kwa sababu Indonesia ilimtaka kila raia awe na dini inayotambuliwa na serikali, na kwa sababu kanisani ndiko askari alikosita kidogo kuingia.

5. Binti Kamalondo

Kijana wa Ruashi, umenijibia mwenyewe bila kujua. Umesema watu walijaa kanisani baada ya uvamizi: ndiyo maana yangu. Sikusema kanisa lilikuwepo tangu enzi za mababu, nimesema lilikuwa chungu ambamo vyote vilipikwa. Kuhusu Alkatiri nakubali, hapo umenibana.

6. Dereva wa Dilolo

Habari zenu. Nimeendesha lori kuelekea Angola kwa miaka kumi na minne, Kireno nakizungumza cha barabarani, na ndiyo maana nchi hii inanivutia. Hakuna aliyetaja jambo ambalo kwangu ni la kwanza: Alkatiri aliishi uhamishoni Msumbiji kwa karibu robo karne. Wakati Indonesia ikisema Timor ni jimbo lake la 27, waliowapa wapiganaji hawa nyumba, pasipoti na kiti cha kusemea Umoja wa Mataifa walikuwa ndugu zetu wa Maputo, Luanda na Bissau, nao wakiwa ndio kwanza wamepata uhuru. Nchi ile ina kitovu kimoja kilichozikwa Afrika.

Sasa kuhusu lugha. Katiba yao inataja lugha mbili rasmi, Kitetum na Kireno, kisha inaruhusu Kiindonesia na Kiingereza zitumike katika kazi za serikali. Watu huuliza kwa nini walirudisha Kireno ilhali mwaka 2002 waliokijua walikuwa wachache sana, na vijana wote walikuwa wamesomeshwa kwa Kiindonesia. Jibu langu ni kwamba Kireno kilikuwa lugha ya msituni. Makamanda waliandikiana barua kwa Kireno, na askari wa Indonesia aliyeikamata barua hakuweza kuisoma. Tena ndicho kilichowatenganisha na jirani: upande wa magharibi wa kisiwa kilekile ulitawaliwa na Waholanzi, na ukaingia Indonesia pamoja na Jakarta. Ukiwaondolea Wareno wao, mpaka unabaki mstari tu ndani ya shamba la mtu.

Na kwa wale wanaoona Timor ni mbali: Kitetum cha meza ni «meza». Wao na sisi tuliichukua kwa Mreno huyohuyo, na bendera vilevile. Wao wamebaki na «bandeira» karibu kama alivyoiacha.

7. Mama wa Kenya

Kwanza niseme mapema kwa wageni wa jukwaa: Kenya ni kata ya Lubumbashi, sijawahi kufika Nairobi.

Baba Dereva, maelezo yako ni matamu, lakini yanamhusu aliyekuwa msituni na barua mfukoni. Mimi namfikiria mama wa sokoni. Sheria zao zinaandikwa kwa Kireno, mahakama zinaendeshwa zaidi kwa Kireno, na mama yule anajua Kitetum na pengine Kimakasae. Hapa kwetu mwaka juzi, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilipewa karatasi ya Kifaransa kuhusu kiwanja cha marehemu mume wangu nikaambiwa nitie sahihi. Nikamwomba kijana wa dirishani anisomee kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba yetu ya 2006 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Akasema Kiswahili ni cha nyumbani. Niliipeleka kwa mjukuu, kumbe walikuwa wameandika nusu ya upana wa kiwanja. Sasa mtu asiniambie kwamba lugha asiyoielewa raia ndiyo inayomfanya raia.

8. Dereva wa Dilolo

Mama, pole sana, na katika hilo sina ubishi. Ninaongeza tu kwamba wao angalau waliiweka Kitetum kuwa rasmi sawasawa na Kireno, na bungeni ndiyo inayosikika zaidi. Kiswahili chetu ni cha taifa bila kuwa rasmi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

9. Mhasibu Kampemba

Wote mnazungumzia roho. Mimi nazungumzia makuta.

Taifa lile linasimama kwa sababu ya mfuko wa mafuta ya petroli. Mwaka 2005 walitunga sheria kwamba mapato yote ya mafuta na gesi ya baharini yaingie kwenye mfuko mmoja, kwa mfano wa Norwe, na serikali ichukue kila mwaka kiasi ambacho mfuko unaweza kustahimili, kilichowekwa kuwa asilimia 3 ya utajiri wa petroli. Kuchukua zaidi kunaruhusiwa, ila ni lazima serikali ijieleze mbele ya bunge. Leo mfuko una takriban dola bilioni 18. Gawanyeni kwa watu milioni 1.3 mwone. Hapa kwetu kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 imetenga asilimia 10 ya mrabaha wa madini kwa ajili ya mfuko wa vizazi vijavyo. Nawaomba wana wa Katanga, nchi ya shaba, wajiulize ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja salio lake. Kule salio hutangazwa kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu sarafu ya Mwalimu, si fedha kamili. Wao hutumia dola ya Marekani tangu Januari 2000, ilipowekwa na utawala wa mpito wa Umoja wa Mataifa. Walichotengeneza wenyewe ni sarafu ndogo tu, centavo, zinazolingana na senti za Kimarekani: ya 5 ina mpunga, ya 10 ina jogoo, ya 25 ina mashua, na hiyo ya 50 ina kahawa. Hapo wametuzidi akili. Sisi tunatumia dola ileile, lakini chenji inarudi kwa falanga, na noti ikiwa na mpasuko wa upana wa ukucha muuzaji anakurudishia huku akiangalia pembeni. Noti ya dola moja wengi hawaitaki kabisa. Nilishawahi kutembea soko zima na dola ishirini iliyokuwa na alama ya wino, nikarudi nyumbani bila chumvi.

10. Kijana wa Ruashi

Mhasibu, umesahau kusema upande wa pili wa daftari. Serikali huchukua zaidi ya ile asilimia 3 karibu kila mwaka, na kisima kikuu cha Bayu-Undan kimeacha kuzalisha 2025. Kile kikubwa kinachosubiriwa, Greater Sunrise, walipata mkataba wa mpaka wa bahari na Australia Machi 2018, lakini bado wanabishana bomba la gesi lielekee wapi. Na pamoja na mabilioni hayo, karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni.

11. Mhasibu Kampemba

Sikusema wameshiba. Nimesema wanajua kilichomo ndani ya sanduku.

12. Mstaafu wa Likasi

Mtaniruhusu niseme kinachonikaa moyoni kila ninaposoma habari za Timor. Mimi nilikuwa mtoto tarehe 11 Julai 1960, hapa Katanga palipotangazwa kuwa nchi. Tulikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, stempu na noti zetu. Baba alinitumia dukani na noti ya Katanga, nami nikaona ni pesa kama pesa nyingine. Kufikia Januari 1963 yote yalikwisha, na Umoja wa Mataifa ndio uliokuja kuyamaliza, umoja huohuo uliokwenda kuisimamisha Timor. Sisemi nani alikuwa na haki. Nauliza kwa nini mmoja alizikwa na mwingine akafufuliwa.

13. Wakili Mdogo

Mzee, shikamoo. Kwa upande wa sheria jibu lipo, hata kama moyo hauridhiki nalo. Timor ya Mashariki ilikuwa koloni kamili, lenye mpaka wake na Waholanzi uliokubaliwa kwa mkataba wa Lisbon wa 1859 na kunyooshwa na mahakama ya usuluhishi ya Hague mwaka 1914. Wareno walipoondoka, wenyeji walikuwa na haki ya kuamua hatima yao ndani ya mpaka uleule, na Umoja wa Mataifa haukuwahi kukubali uvamizi wa Indonesia. Uliendelea kuiandika Timor katika orodha ya nchi ambazo bado hazijajitawala. Katanga ilikuwa jimbo ndani ya koloni moja lililopata uhuru likiwa kitu kimoja siku kumi na moja kabla, na hakuna dola hata moja iliyoitambua rasmi. Kwa maneno mengine, Katanga ilitoka ndani ya nyumba, Timor iliingiliwa na jirani.

Namrekebisha pia Mhasibu kidogo: katika kanuni ya madini, mgawanyo ni asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali na 10 kwa huo mfuko. Watu hutaja ile 10 na kusahau ile 15, ambayo ndiyo ingeweza kuonekana mtaani.

14. Msimamizi

Aksanti Wakili. Habari za Katanga zina nyuzi zake nyingine, tena ndefu. Hapa turudi Timor.

15. Kijana wa Ruashi

Turudi basi, na mimi nauliza swali la kinyume: nani kasema ni taifa moja? Miaka minne tu baada ya kupandisha bendera, Machi 2006, jeshi liliwafukuza askari karibu 600, zaidi ya theluthi ya jeshi lote, waliokuwa wamegoma wakilalamika kwamba watu wa magharibi wanabaguliwa na makamanda wa mashariki. Aprili Dili ikawaka. Watu wapatao laki moja na nusu walikimbia makazi yao, Alkatiri akajiuzulu, na askari wa Australia wakarudi. Februari 2008 rais Ramos-Horta akapigwa risasi nyumbani kwake, akanusurika. Vita vya Mzee, kanisa la Binti, Kireno cha Dereva na mfuko wa Mhasibu vyote vilikuwepo mwaka ule, na havikuzuia jirani kuchoma nyumba ya jirani kwa sababu ya upande jua linakochomoza.

16. Binti Kamalondo

Havikuzuia, lakini angalia kilichofuata. Uchaguzi wa 2007 ulifanyika, wa 2012 ukafanyika, walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakaondoka mwishoni mwa 2012, na tangu hapo madaraka yamebadilishana mikono kwa kura mara kadhaa. Familia hugombana pia.

Naomba niweke picha moja. Tarehe 12 Novemba 1991 vijana walitoka misani Motael wakaenda kwa maandamano hadi makaburi ya Santa Cruz, kumkumbuka mwenzao aliyeuawa wiki mbili kabla. Jeshi likawapiga risasi katikati ya makaburi. Mpiga picha wa Kiingereza, Max Stahl, alikuwa ndani. Akafukia kanda zake kwenye kaburi jipya kabla hajakamatwa, kisha akarudi usiku kuzifukua. Dunia iliona kwa sababu ya kaburi lile. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya vijana, na watu huwasha mishumaa barabarani mbele ya nyumba zao. Sanamu kubwa ya Kristo iliyo juu ya kilima cha Dili, kwa upande mwingine, ni zawadi ya serikali ya Indonesia ya 1996, yenye urefu wa mita 27 kwa heshima ya «jimbo la 27». Hawakuibomoa. Wanapanda ngazi asubuhi kufanya mazoezi.

17. Mama wa Kenya

Hiyo ya sanamu imenifurahisha. Mpewe zawadi na aliyewapiga, kisha muitumie kunyoosha miguu!

Mimi nimesoma kuhusu vitu vyao vya nyumbani, na huko ndiko naona nchi. Wana kitambaa cha kufuma kwa mkono kinachoitwa tais, ambacho UNESCO ilikiingiza mwaka 2021 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kila eneo lina rangi zake, na mgeni akifika hutupiwa shingoni. Wana mahari, barlake, ambayo koo mbili hubishana kwa nyati na shanga kama sisi tunavyobishana kwa mbuzi na vitenge. Na wana chakula kiitwacho batar daan: mahindi, boga na choroko vimechemshwa pamoja.

18. Kijana wa Ruashi

Mahindi bila kusagwa? Mama, hao hawajaonja bukari, ugali wetu. Uhuru wao bado haujakamilika.

19. Mama wa Kenya

Wewe ulikula kande kwangu mwezi uliopita ukaomba sahani ya pili. Nyamaza.

20. Dereva wa Dilolo

Kwa kuwa tumefika jikoni, niwakumbushe mamba. Hadithi yao ya asili ni kwamba mvulana alimwokoa mamba mdogo aliyekuwa anakauka mbali na maji, mamba akakua akambeba kuvuka bahari miaka mingi, na alipokufa mwili wake ukawa kisiwa, mgongo ukiwa milima. Mpaka leo mamba huitwa babu. Papa alipokuwa Tasitolu aliwaambia wajihadhari na mamba wanaotaka kubadilisha utamaduni wao, na umati ukacheka, maana pwani zile zina mamba wa kweli wanaokula watu. Kijana wa Ruashi anaweza kusema ni ngano tu. Lakini Mfataluku na Mmambae wote wawili wanakaa juu ya mgongo wa babu mmoja, na hapo hakuna Kireno wala dola.

21. Wakili Mdogo

Dereva, angalia usije ukaisema hadithi hiyo kuwa ya kila kabila. Makabila yana simulizi zake za chimbuko, na hii imesambazwa sana na shule na watalii.

Nina shaka nyingine. Xanana Gusmão, aliyekamatwa 1992, akafungwa Jakarta, akawa rais wa kwanza wa 2002, ndiye waziri mkuu tena tangu 2023. Ramos-Horta, aliyepata Nobeli ya Amani ya 1996 pamoja na askofu Belo, ndiye rais tangu 2022. Wote wamezaliwa miaka ya 1940. Nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hawakuwa wamezaliwa wakati wa kura ya 1999 bado inaongozwa na wale wa 1975. Huenda kinachowaunganisha ni watu wawili watatu wanaofahamiana tangu ujana, na hilo lina mwisho wake.

22. Mstaafu wa Likasi

Wakili, unapozungumzia wazee kuwa na mwisho, uangalie unayemwandikia.

Pamoja na hayo Oktoba 2025 waliingia ASEAN, umoja wa nchi za kusini-mashariki mwa Asia, wakiwa wanachama wa 11, baada ya kuomba tangu 2011, na Indonesia ilikuwa imekaa meza hiyohiyo. Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Ningependa kujua kama mtoto wa Dili anauona mlango huo kuliko mtoto wa Likasi anavyouona wa kwetu.

23. Mwalimu wa Katuba

Nawashukuru nyote. Nimeyaandika yote ubaoni leo asubuhi, kanisa, vita, Kireno, mafuta, mamba na wazee wawili, nikaliacha pengo la 2006 wazi kama Kijana alivyotaka. Yule msichana wa safu ya nyuma akainua mkono: «Mwalimu, na waliokataa kujitenga katika ile kura, asilimia 21 na nusu, wako wapi sasa?» Najua wengi walivuka mpaka kwenda Timor Magharibi mwaka 1999 na baadhi hawakurudi. Mwenye habari zaidi za hao aandike hapa.

Sarafu nayo imefika sokoni. Nilimwonyesha mbadilishaji wa pesa wa kando ya barabara, nikimwambia ni nusu dola halali. Akaigeuza mara mbili, akainusa, akaniuliza kama ni kifungo cha koti.